Ebo

Anaeli Lyatuu ameingia na fomu iliyokunjwa mara nne,
jasho la mfuko wa shati limeilainisha mikunjo.
Duka langu ni kompyuta moja, printa inayokohoa,
na kibao: Tunachapa, Tunatoa Kopi, Tunatafsiri,
njia ya Kiboriloni, mkabala na wauza mitumba.
"Dada Zuhura, kampuni mpya wanataka barua.
Iandike Kiingereza. Na uweke lile neno, ebo."

Ebo! Kwa bibi yangu, aliyeletwa Moshi na reli ya Tanga,
hilo lilikuwa neno la kumkemea mtoto mdokozi wa sukari.
Ebo! Nani kakutuma? Ebo! Shika adabu.
Sasa limevaa koti, limekaa kwenye fomu,
herufi nne tu, na kisanduku cha kutia vema.

Nalijua tangu sekondari.
Mwalimu Kisanga aliliandika ubaoni likiwa peke yake,
akasema hii ni sifa, kama refu, kama jekundu:
mtu anayo au hana.
Nikanakili. Sikuuliza.
Leo ndiyo naona kilichokuwa kinaniwasha:
kwetu kuweza hakuvaliwi kama shati.
Kwetu ni kitendo, na kitendo kinadai wakati.
Aliweza. Anaweza. Ataweza. Angeweza.
Anaeli, nikutie katika lipi?

"Goti vipi?"
"Goti lipo."
Nimeona alivyokaa, meza ikimsaidia.
Bibi angesema, huyu hawezi,
wala asingekuwa anazungumzia kilo.
Kwa bibi, hawezi ni mgonjwa, basi, mkorogeeni uji.
Jumatatu ile ya mwisho alituambia, siwezi,
nasi wajukuu tuliosoma tukamwinamia tukiuliza,
huwezi nini, bibi?

Shantitauni, nyuma ya mageti na maua, wanakaa wenye uwezo.
Kwenye daftari la mtendaji wa kata wamo wasiojiweza,
majina kumi na saba, mawili yamekatwa kwa kalamu nyekundu.
Shemeji alipotoweka na fedha za upatu
mama alikaa chini, akacheka, akasema, ameniweza.
Mlevi wa mbege anawaambia mbwa wa jirani, hamniwezi!
Na Muweza yuko juu, yeye hachapiwi barua.

"Umeandika?"
Anatazama dirishani upande wa mlima. Leo haupo,
umejifunika tangu asubuhi kama mtu mwenye deni.
Ameupanda mara mia moja na tisa,
kila safari msumari mmoja kwenye mhimili wa jiko lake.
"Kupanda si kitu," anasema. "Kushuka ndiko kumeniweza."

Halafu Mwalimu Kisanga hakutuambia hila yake:
neno lile halikai hivi hivi, mikono mitupu.
Ukilitamka watu wanangoja. Ebo kufanya nini?
Nalo ni mpagazi, lazima ulitwishe.
Basi nikalitwisha.
Nikaandika kwamba Anaeli Lyatuu ni ebo
kupika wali wa watu thelathini penye barafu,
kunusa mvua nusu saa kabla haijafika,
kumshika mkono mgeni anayelia kwa kukosa pumzi
na kumshusha usiku bila kumwaibisha.
Hapo nikaweka nukta.

Anasoma kwa kidole, polepole, midomo ikicheza.
Kidole kinafika kwenye nukta, kinarudi nyuma.
"Na kilo?"
"Fomu haikuuliza."
"Imeuliza. Mstari wa sita."

Printa ikakohoa mara ya pili.
Kilo ishirini, nimeziweka, kwa tarakimu na kwa maneno,
bila kusema ni jana au ni kesho,
maana Kiingereza hakikuniuliza.

Akakunja karatasi mara nne, akatoa elfu moja.
Nikamrudishia.
"Ebo!" akasema,
akaisukuma tena juu ya meza.